"Bora Zaidi Kuliko": Mizani Nane za Bure



Imezagaa hoja miongoni mwa vijana waliopitia lugha za kigeni, kwamba Kiswahili ni maskini wa kulinganisha. Husema Mrusi ana umbo maalumu la kivumishi kwa kazi hiyo, ilhali sisi twabandika tu "zaidi" kila mahali. Naipinga hoja hiyo. Umaskini wanaouona umo katika matumizi yao, haumo katika lugha.

Tukitazame hicho Kirusi wanachokitaja. Watanzania wengi walikisoma Moscow, katika chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Mrusi huchukua "silny", yaani mwenye nguvu, akalifanya "silneye", mwenye nguvu kuliko. Umbo hilo jepesi halipatani tena na nomino yoyote: ni lile lile kwa mwanamume na mwanamke, kwa umoja na wingi. Tena kivumishi na kielezi huvaa kanzu moja. "Luchshe" laweza kuwa "bora", laweza kuwa "vizuri kuliko". Msikilizaji huamua kwa muktadha.

Kiswahili hakipotezi tofauti hiyo. Twasema "mtumbwi mzuri kuliko ule", na twasema "anapiga kasia vizuri kuliko nduguye". Upatanisho hubaki mahali pake: mtumbwi mkubwa, kikapu kikubwa, mashua kubwa. Maskini ni nani hapo?

Chombo chetu ni "kuliko". Kipasueni: ku-li-ko, mahali kilipo kitu. Nikisema "Ziwa Tanganyika ni kubwa kuliko Ziwa Nyasa", nimeyaweka maziwa mawili pamoja, nikatazama ukubwa wa moja pale lilipo jingine. Pia tuna vitenzi: kupita, kuzidi, kushinda. Hata sisi wa Ikolo, tunaolipenda ziwa letu, hukiri kwamba Tanganyika yaipita Nyasa kwa kina. Lugha nyingi za Kibantu hulinganisha kwa kitenzi namna hii. Ulinganishi wetu umo katika sentensi nzima. Anayeutafuta katika mwisho wa kivumishi hataupata.

Zaidi ya hayo, tunayo maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu yakiwa tayari yamebeba ulinganishi tumboni. "Afadhali" limetokana na umbo la Kiarabu lenye maana ya "bora kuliko". "Aghalabu" ni ndugu yake, na "akali", yaani wachache, ni wa ukoo huo huo. Kwa hiyo asemaye "afadhali zaidi" amelinganisha mara mbili. Warusi wana kosa lilelile: "boleye luchshe", yaani "zaidi bora zaidi". Wengi hulisema mitaani, na walimu wao hawajaacha kulifuta kwa wino mwekundu.

Sasa nije kwenye ushairi, maana hapo ndipo hasara huonekana kwa kuhesabu. Hesabuni: bo-ra za-i-di ku-li-ko. Mizani nane! Katika mshororo wa mizani kumi na sita, kipande kizima kimekwisha na kinacholinganishwa nacho hakijatajwa. Tazameni ilivyo "zaidi" likiondolewa:

Mchele wetu wa Kyela, bora kuliko wa mbali.

Kipande cha pili kina mizani nane vilevile, na humo umo ubora, umo ulinganishi, umo mchele wa pili. Mwenye kutaka kitenzi aseme "wapita mchele wote"; nane tena, na kina kimebadilika kwa hiari yake. Mshairi anayeng'ang'ania "zaidi kuliko" amejinyima nafasi, kisha hulalamika kwamba arudhi yambana.

Sisemi "zaidi" lifukuzwe. Lina kazi yake pale ambapo cha pili hakitajwi: "leta maji mengi zaidi", "sema polepole zaidi". Hapo "kuliko" halina pa kukaa. Yanapoandamana mawili hayo, moja limekuja bure.

Nitaambiwa kwamba lugha hubadilika na kwamba wengi ndivyo wasemavyo. Msemaji wa sokoni anayetilia mkazo simgusi. Ana sauti na mikono ya kumsaidia. Lakini mshairi anayeandika na mwalimu anayesahihisha hawana udhuru huo. Mwalimu akimfunza mtoto kwamba kulinganisha ni kuongeza "zaidi", mtoto huyo atakua asione kazi ya "kuliko", wala ya kupita, kuzidi na kushinda, kisha atakuja kutuambia kwamba lugha yake ni maskini.

Basi kila mmoja afungue daftari la tungo zake usiku wa leo. Kila palipo na "zaidi kuliko", alifute la kwanza, ahesabu mizani tatu alizorudishiwa, atafute la kusema.