Majina Yao Yako Wapi?

Bwana Mhariri, naomba nafasi niseme na ndugu zangu wa Mpwapwa na wa Ugogo yote, maana liko jambo liniumalo, wala sioni kuwa ni haki kulinyamazia.

Kila mwaka tarehe 25 Julai nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao huwekwa mnarani, na tarumbeta hulia. Ni vema. Lakini nilipowauliza watoto darasani wanitajie mtu mmoja tu wa kijiji chao aliyekwenda vitani zamani asirudi, hakuna aliyenyosha mkono. Wala siwalaumu, kwani mimi mwenyewe nisingeweza kujibu. Katika ukoo wetu twajua ya kuwa babu mmoja alichukuliwa upagazi mwaka 1917, akatwikwa mzigo, akashika njia ya kusini. Jina lake hakuna alijuaye. Mkewe hakukaa matanga, maana aliambiwa angoje.

Hii si habari ya nyumba yangu peke yake. Katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918, Wadachi walitwaa watu, ng'ombe na nafaka za Ugogo. Na Waingereza walipoingia Dodoma mwezi wa Julai 1916, na Mpwapwa mwezi wa Agosti, nao wakatwaa. Kwa pande zote mbili wapagazi wa Afrika ya Mashariki wanakadiriwa kupita 1,000,000. Wengi waliokufa hawakuuawa na risasi, bali kwa kuhara, homa, njaa na uchovu. Na nyumba walizoziacha bila mikono ya kulima zikapatwa na njaa ile kuu iitwayo Mtunya.

Tena walikuwako wafungwa. Katika milima ya Kiboriani, hapa juu yetu, Wadachi waliwaweka wamisionari wa Kiingereza kifungoni, na habari zao zimeandikwa vitabuni. Je, wale waalimu Waafrika waliosingiziwa upelelezi, wakapigwa, wakafungwa minyororo, wengine wakakaa kifungoni Tabora hata Wabelgiji walipoutwaa mji ule Septemba 1916? Ni nani kati yetu awezaye kuwataja watatu?

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam. Maneno yaliyoandikwa pale yaahidi ya kuwa watoto wa aliyekufa watalikumbuka jina lake. Nilikwenda nikayasoma, nikaizunguka sanamu nikitafuta jina moja, nisilione. Hata Kariakoo, mahali paitwapo kwa jina la kikosi cha wapagazi, maelfu hununua na kuuza kila siku pasipo kujua. Na katika miaka ile ile ya 1920 wakuu wa serikali walikubali makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Wala mtu asiseme ya kuwa asiye na kaburi hawezi kuandikwa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki wakafa maji. Hawana kaburi, lakini wamekumbukwa katika mnara ulioko Nairobi. Basi lililokosekana kwa wapagazi si kaburi. Ni mtu wa kuwahesabu kuwa watu.

Wako wasemao, "Vile vilikuwa vita vya wageni, kwa nini tuwaheshimu watumishi wao?" Nami nauliza: aliyekamatwa usiku akafungwa kamba shingoni, alichagua vita gani? Kumkumbuka si kumsifu aliyemfunga, ni kumshuhudia. Wengine, hasa wazee wa kanisa, huogopa ya kuwa kutaja wafu ni kurudi kwenye matambiko. Ndugu zangu, hatumwagi pombe wala hatuombi kitu kwa wafu. Kitabu cha Nehemia chajaa majina ya waliorudi kutoka utumwani, jamaa kwa jamaa, wala hakuna aliyekiita tambiko.

Lakini wanaonichosha zaidi ni wasemao, "Serikali itafanya." Serikali italijuaje jina la babu yako, ikiwa wewe hulijui na bibi yako aliye mgonjwa hujamwuliza? Wazee waliosikia habari hizi kwa baba zao wanakwisha. Tukingoja miaka kumi, mnara hata ukijengwa wa dhahabu utakuwa hauna la kuandikwa.

Basi nasema, kila kijiji kinunue daftari moja. Mwalimu na mzee mmoja wapite nyumba kwa nyumba, waandike kila aliyechukuliwa asirudi: askari, mpagazi au mfungwa, vita vya 1914, vya 1939, na vya Kagera vya 1978. Asiyejulikana jina aandikwe kwa ukoo wake. Na kila tarehe 25 Julai majina yasomwe mbele ya watu wote, watoto wakisikia.

Mimi nimekwisha kununua daftari la kijiji chetu. Mstari wa kwanza nimeandika, "Babu yetu, mpagazi, 1917," na mahali pa jina nimepaacha wazi. Mwenye kulijua aje aniambie.

Mwalimu, Mpwapwa