Msitu wa Kingerikiti ni mtaji wa Mbamba Bay

Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina uchumi wa ngazi mbili. Juu milimani, katika kata kama Kingerikiti, wananchi wanategemea kahawa, mahindi na maharage. Chini ufukweni, Mbamba Bay na Liuli, wanategemea usipa, mpunga na muhogo. Kinachounganisha ngazi hizo ni maji yanayotoka kwenye misitu ya milimani na kuporomoka hadi Ziwa Nyasa.

Sasa kuna kiungo kingine. Lami ya takribani kilometa 66 kutoka Mbinga imefika Mbamba Bay, na mkataba wa kujenga bandari mpya ulitiwa saini mwaka 2023. Kwa mfanyabiashara hizi ni habari njema. Lakini barabara haichagui mzigo. Lori la kahawa linaweza pia kupakia mkaa na mbao, na mti huleta fedha leo wakati kahawa inangoja msimu.

Hapo ndipo mkulima apige hesabu. Kilo 1 ya kahawa kavu ya maganda hutokana na kilo 5 hivi za kahawa mbivu, ambazo zinahitaji maji safi ya kumenya na kuosha. Ikiandaliwa vibaya, hushuka daraja na bei. Kijito kikikauka, anaumia hata yule ambaye hakuuza gunia moja la mkaa. Nao udongo wa miteremko iliyofyekwa, pamoja na maji machafu ya mashine za kumenyea kahawa, husafiri hadi kwenye mazalia ya samaki.

Wamatengo wanalijua hili. Mashimo yao ya ngoro yameshika maji na udongo miteremkoni kwa zaidi ya miaka 100. Maporomoko nayo si ya kutazama tu. Kindimba, wilayani Mbinga, wanakijiji walishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kujenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Huko Tulila, Mto Ruvuma, masista wa Chipole wamejenga mtambo wa umeme wa megawati 5.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kunufaika na mapato yake. Ile ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na ziwa. Lakini sheria peke yake haipandi mti.

Zamani wazee wa Kimatengo walikula na kuamua mambo pamoja katika sengu. Natoa rai kwa vyama vya msingi vya kahawa na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi kukaa hivyo kabla ya msimu wa kuchuma. Wakubaliane makato madogo kwa kila kilo ya kahawa na kila ndoo ya usipa, fedha hizo zitunze vyanzo vya maji, na kila mashine ya kumenyea iwe na shimo la maji machafu.