Nahodha Apewe Haki ya Kukataa

Samaki wakavu tuwanunuao sokoni hapa Kamina, wengi wao, kabla ya kufika Bukama na kupakiwa katika gari la moshi, wamekwisha kusafiri juu ya mto Lualaba ndani ya balenieri, yaani zile mashua za mbao, ndefu na nyembamba, zenye mashine nyuma, wakiwa pamoja na mama zetu wachuuzi na watoto wao migongoni. Basi, ijapokuwa mji wetu uko mbali na maji, usalama wa mto watuhusu.

Kutoka Bukama, ilikofika reli mwaka 1918, mpaka Kongolo, Lualaba hupitika kwa vyombo kadiri ya kilomita 640, na mahali pa kuogopwa ni pale mto uingiapo katika ziwa la Kisale. Huko mafunjo yaliyosokotana huelea mfano wa visiwa, na upepo ukigeuka huziba jioni njia iliyokuwa wazi asubuhi. Tena upepo ukivuma kuukabili mkondo, mawimbi huinuka mafupi na makali. Chombo chembamba hustahimili wimbi la omoni, lakini likikipiga ubavuni, hali magunia yamerundikwa juu na baina ya ukingo na maji imebaki shibiri moja tu, hulala. Na abiria wakikimbilia upande mmoja kwa hofu, hakiinuki tena. Wala ukaribu wa nchi kavu hauokoi: kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua abiria 101, kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, katika ziwa Viktoria, wakafa watu zaidi ya 220, na nchi kavu wanaiona.

Manahodha wa Pwani, wafikapo mlango wa mto Rufiji au wa Pangani wakati wa bamvua, maji yakipwa kwa nguvu na kukutana na upepo wa bahari, hutia nanga wakangoja maji yajae, na kungoja huko huhesabiwa kuwa ni kazi. Kwetu kungoja ni hasara ya nahodha peke yake. Serikali imekataza safari za usiku, walakini vyombo vingali vikiondoka magharibi, kwa sababu mwenye chombo hulipa kwa safari, na nahodha aliyelala bandarini kwa kuhofia dhoruba hulala na njaa.

Kwa rai yangu, kumwadhibu nahodha baada ya maafa hakufai kitu ikiwa kabla yake hakuwa na idhini ya kusema hapana. Mwenye chombo alazimishwe kwa sheria kumlipa ujira wa siku aliyongoja, wala asimfukuze kwa ajili hiyo. Na kila balenieri ipigwe mstari wa rangi ubavuni, ambao kamishina wa mto atautazama kwa macho yake bandarini Bukama abiria wakiisha kupanda. Ukiwa umezama, magunia yashushwe kabla kamba hazijafunguliwa, awaye yote mwenyewe.