Mazabodi haijafika: usinunue RAM wala prosesa kabla ya kusoma hapa

Kwa mwenye steshenari wa Kyela mjini, Ipinda au Kasumulu, hali hii si ngeni. Kompyuta imezeeka, fedha ya kununua nyingine haipo, fundi ameshauri ibadilishwe kidogo kidogo, lakini mazabodi iliyoagizwa haijafika. Fundi anasema "wiki ijayo", na wiki ijayo anasema hivyo hivyo. Huku nyuma wanafunzi wanataka kujaza fomu za mikopo ya HESLB, vijana wanataka kutuma maombi ya kazi, na kila mteja anayeondoka ni hela iliyopotea.

Mazabodi ni ile bodi kubwa ndani ya kompyuta inayobeba vifaa vingine: prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, RAM, inayoshika kazi unayofanya kwa wakati huo, na diski, inayotunza mafaili. Kila kifaa kina nafasi yake, na nafasi hizo hazifanani kwa bodi zote. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini lazima kibaba kiwepo kwanza, na hapa kibaba ni mazabodi.

Kwa nini watu wengi wanahitaji bodi sasa?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta zake hazikuzimika, lakini ulinzi dhidi ya virusi vipya ulianza kupungua. Watumiaji binafsi waliojiandikisha waliongezewa muda hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo inachagua: kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha 8 na kuendelea. Kompyuta nyingi za mtumba kwenye steshenari zetu ni za kizazi cha 4, cha 6 au cha 7. Hapo ndipo fundi anaposema, "Tubadilishe bodi."

Kwa nini inachelewa?

Bodi ni za aina nyingi mno. Duka la Mbeya likiweka akiba ya aina moja, mteja anakuja kutafuta nyingine. Kwa hiyo wauzaji wengi husubiri oda, kisha wanaagiza Kariakoo. Ikikosekana huko, inasubiri mzigo wa mfanyabiashara kutoka China au Dubai. Baada ya hapo inapanda basi hadi Mbeya, inateremka Uyole na Tukuyu mpaka kwetu. Ukipewa bodi isiyolingana na prosesa yako, safari inaanza upya.

Kusubiri huku kuna gharama nyingine. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani. Sehemu kubwa ya chipu za RAM hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni hizo zimeelekeza nguvu kwa wateja wakubwa wanaojenga vituo vya kompyuta vya akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba itaacha kuuza RAM za chapa yake ya Crucial kwa watumiaji wa kawaida.

Mkulima wa kakao wa Kyela anaielewa habari hii. Mwaka 2024 bei mnadani ilipaa kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya Ivory Coast na Ghana, wala si kwa jambo lililotokea Kyela. Wakati ule tulikuwa wauzaji, tukafurahi. Kwenye RAM sisi ni wanunuzi.

Bodi inayokuachia RAM yako

Kwa sababu hiyo, bodi ya maana kwako ni ile itakayokubali RAM uliyonayo tayari. RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Hata pengo la katikati limekatwa mahali tofauti. Prosesa za Intel za kizazi cha 12, zilizotoka mwaka 2021, pamoja na za 13 na 14, zinaweza kufanya kazi na DDR4 au DDR5. Anayeamua ni bodi. Kampuni chache, ikiwemo ASRock ya Taiwan, zimewahi kutengeneza hata bodi zenye nafasi za aina zote mbili, ingawa hutumii zote kwa pamoja.

Maana yake ni hii: kama kompyuta yako ni ya kizazi cha 6 au cha 7 na ina DDR4, unaweza kununua bodi ya DDR4 na prosesa ya bei nafuu ya kizazi cha 12, ukahamisha RAM yako. Mwakani ukipata fedha, unaweka prosesa kubwa zaidi kwenye bodi hiyo hiyo. Lakini kama mashine yako ni ya kizazi cha 4, kuna uwezekano mkubwa RAM yake ni DDR3, na hiyo haihamii huko.

Kuna mitego mitatu. Kwanza, prosesa ya kizazi cha 8 inaweza kukaa kwenye tundu la bodi ya kizazi cha 7, lakini haitafanya kazi. Pili, kompyuta nyingi za mtumba za Dell na HP zina plagi za umeme na maumbo yao wenyewe. Bodi ya kawaida ikifika, huenda ikadai pia pawasaplai na boksi jipya. Jumlisha gharama hizo, kisha linganisha na bei ya kompyuta nyingine ya mtumba ya kizazi cha 8. Mara nyingi hiyo ya pili ndiyo nafuu. Tatu, mpango huu ni wa kompyuta ya mezani. Bodi ya laptopu hutengenezwa kwa ajili ya laptopu ya muundo wake tu.

Ufanye nini ukisubiri?

Usinunue RAM wala prosesa kwa kubahatisha kabla bodi haijajulikana. Mwombe fundi akuandikie jina kamili la bodi, aina ya RAM inayokubali na vizazi vya prosesa inavyobeba. Ukitoa kianzio, dai risiti yenye jina hilo na tarehe ya mwisho ya kuletewa au kurudishiwa hela. Bodi ikifika, iwashwe mbele yako kabla ya kumalizia malipo.

Kama una hela kidogo mkononi na kompyuta yako bado inatumia diski ya zamani ya kuzunguka, weka SSD ya SATA. Bei yake nayo imepanda, lakini itaiamsha mashine uliyonayo leo, na bodi mpya ikifika itahamia huko. Kabla ya kubadilisha, nakili mafaili ya wateja mahali pengine.