TANGI LA CHECHE NA MANENO YA OFISI

Ndugu wafanya kazi,

Mwezi uliopita mabwana wa ofisi walituita uani wakatusomea karatasi. Walisema karakana yetu italetewa tangi jipya la kuvika alumini ngozi ngumu kwa cheche za umeme. Wakasema kwa hiyo kromu imekwisha, na kwa kuwa kromu imekwisha, posho ya hatari itakoma, maziwa yatakoma, na ile feni ya kuvuta moshi, iliyokufa tangu mvua za mwaka jana, haina haja ya kutengenezwa. Halafu waliuliza kama kuna swali, wakaondoka kabla ya swali.

Basi sisi tunajibu hapa.

Hatulipingi tangi hilo. Tena tulilitaka kabla yao. Kromu ya matangi yetu ndiyo ile iliyotiwa mwaka 1990 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika hesabu ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Huko Ulaya, tangu Septemba 2017, hakuna mwenye kiwanda awezaye kuitumia asidi yake bila kibali maalum. Hapa kwetu wako wazee wa kazi ambao ukuta wa pua umetoboka, na vidonda vya mikono yao haviponi. (Na maziwa, tuseme kweli, hayaondoi kromu mapafuni. Lakini ni haki yetu, na haki haiondolewi kwa kusomewa karatasi uani.)

Kazi ya tangi jipya ni hii. Kipande cha alumini kinatundikwa ndani ya maji yaliyotiwa dawa kidogo ya ukali wa namna ya magadi, na si asidi. Umeme unapandishwa mpaka volti mia nne, mia tano, hata zaidi. Hapo cheche ndogo ndogo zinatapakaa juu ya kipande chote kama siafu. Kila cheche inaishi kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, lakini ndani yake mna joto la maelfu ya digrii. Alumini ya juu inashikana na oksijeni, inayeyuka, inapozwa na maji papo hapo, inakuwa ngozi ya namna ya jiwe. Sehemu ya ngozi hiyo ni kitu kile kile cha jiwe la msasa na yakuti. Haichubuki upesi, na kutu haiingii kwa urahisi. Wataalamu wa Ujerumani walizichunguza cheche hizi katika miaka ya 1930, na Warusi waliziendeleza sana katika miaka ya 1970. Ni kazi nzuri, na sisi mafundi tunaipenda.

Lakini wengi wetu tulisoma shule ya misheni, na huko tulifundishwa kusoma karatasi mpaka chini. Kitabu cha tangi kinataja alumini, magnesiamu na titaniamu. Chuma hakimo! Sababu yake ni kwamba chuma hakifanyi ngozi ya kushikamana ya kuuzuia umeme mpaka cheche zitoke. Sasa tunauliza: zile fito za chuma tunazozitia kromu kila juma zitakwenda wapi? Zitabaki katika tangi la pili, lile lile la kromu, chini ya feni iliyokufa. Matangi ya kromu ni mawili, nalo jipya linaondoa moja tu. Ofisi inajua kuhesabu mpaka mbili, maana siku ya mshahara haikosei.

Pia walisema tangi jipya ni maji na chumvi tu. Umeme wa nyumbani ni volti 240 nao unaua. Huu unaweza kufika zaidi ya maradufu, na mtu amesimama kando ya maji. Dawa yake inachoma macho. Gesi ya haidrojeni inatoka, nayo ikikusanyika chini ya dari hulipuka. Tangi hilo linataka uzio, mlango unaokata umeme wenyewe ukifunguliwa, feni, na fundi aliyefunzwa, si kijana wa kibarua aliyeajiriwa jana.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mahali penye watu ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Sisi tu wengi kuliko ishirini. Kamati hiyo haijakaa hata mara moja tangu tangi liagizwe.

Kwa hiyo tunadai: feni itengenezwe kabla tangi jipya halijawashwa, posho ibaki kwa kila mtu wa kromu mpaka fito ya mwisho itoke, na kamati ikutane. Mjumbe wetu wa karakana atapeleka barua Jumatatu. Kila mwanachama apitie kwake Jumamosi baada ya kazi kutia sahihi, na asiyejua kuandika atatia kidole.

Sisi wafanya kazi wa matangi.