Toa Mdomo Kwenye Hiyo Paipu

Wacha niseme hii mara moja, alafu mnitukane vizuri.

Tangu niwaonyeshe pampu ya vakumu ikihamisha waini yangu ya nanasi, ni vicheko tu. "Omera, hiyo ni kazi ya mdomo." "Kijana ameacha chuo ndio afungue maabara jikoni." Sawa, chuo niliacha, mwaka wa pili, hiyo si siri. Lakini hiyo ya mdomo siwaachii.

Huku kwetu, Migori hadi Homa Bay, kitu chochote cha majimaji kikitaka kuhamishwa, mtu anaweka paipu mdomoni, anavuta, anatema, inamiminika. Petroli ya boda. Dizeli ya mashine za kutoa maji kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyatike. Mafuta ya injini za boti pale ufuoni. Alafu jioni, pombe. Na paipu mara nyingi ni ile ile, imeoshwa na Omo, basi imekuwa safi.

Kwa ploti yetu Homa Bay ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nje ya choo. Siku moja stima ikapotea, jamaa yangu akaichukua kutoa petroli kwa pikipiki aweke kwenye jenereta. Akavuta kidogo kupita kiasi. Akakohoa, macho yakatoka, na watu wakamkimbilia na maziwa, wengine wakimwambia ajitapishe. Jamani! Maziwa hayafuti petroli, na kutapika ndio mbaya zaidi, kwa sababu unaipa petroli nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Ikiingia huko, hata kidogo, inaweza kukuletea nimonia. Mtu anapelekwa hospitali, stori imeisha. Yeye alilazwa siku nne, anapumua kama mzee aliyepanda mlima Homa kwa miguu.

Sasa sikia ujinga wangu. Wiki mbili baadaye mimi, niliyemshika mkono pale wodini, nilitoa paipu hiyo hiyo kwenye msumari nikahamisha lita 20 za waini. Nilivuta kwa mdomo mara tatu kwa sababu mtiririko ulikuwa unakatika. Iliyobaki nikachota na jagi. Baada ya miezi miwili nilikuwa na siki yenye harufu ya petroli stesheni. Ilikuwa mate yangu yenye bakteria, ama hewa niliyoingiza na jagi? Siwezi kuapa. Zote mbili nilizitia mimi. Nilimwaga lita 20 nyuma ya choo na kuku wenyewe wakakataa kusogea.

Hapo ndipo nilitafuta pampu. Yangu ni ya mkono, ile mafundi wa magari hutoa nayo hewa kwenye breki, lakini nilinunua mpya, haijawahi kuona mafuta ya breki. Kizibo cha mpira chenye matundu mawili kinakaa kwenye chupa tupu. Tundu moja lina paipu inayokwenda kwenye chupa iliyojaa, lingine linakwenda kwenye kachupa kadogo katikati, alafu pampu. Hako kachupa ni ka kushika waini ikifurika isiingie kwenye pampu.

Na pampu haivuti waini. Inatoa hewa kwenye chupa tupu, alafu hewa ya nje ndiyo inakandamiza waini kwenye chupa iliyojaa na kuisukuma ipande. Ndio maana chupa iliyojaa haufungi ikakaza. Kule Mombasa usawa wa bahari, hewa inaweza kusukuma maji karibu mita 10 kwenda juu. Hapa ziwani tuko zaidi ya mita 1,100, kwa hivyo ni kama mita 9. Mimi nahitaji mita moja tu. Faida kubwa ni kwamba chupa nzito inabaki sakafuni, siibebi juu ya meza nikitikisa mashapo yaliyochukua wiki kutulia.

Usiitumie na mtungi wa plastiki, utabonyea mbele ya macho yako. Chupa ya kioo nyembamba au yenye ufa inaweza kupasukia ndani, kwa hivyo yangu ni nene, ya mviringo, na naifunika na taulo. Na wale mnaoniandikia mambo ya kompresa ya friji mzee: umeme, cheche na mvuke wa chang'aa kwa chumba kimoja? Siko. Tena pampu haiondoi sumu kwenye pombe mbaya, haisafishi chochote, inahamisha tu. Na siuzi, kwa sababu sheria ya vileo ya 2010 inataka leseni. Kama hujafika 18, pitia post ingine.

Kuna hoja moja mnaipenda: wazee wetu walivuta kwa mdomo. Ni kweli, kwa oseke, ile mirija mirefu, wamezunguka chungu kimoja. Lakini mzee alivuta akameza! Kilichopita mdomoni kwake kiliishia tumboni kwake. Tena oseke ilikuwa na chujio kwenye ncha. Na busaa ni kitu kichachu tayari, inanyweka ndani ya siku chache. Hakuna mzee aliyevuta, akatema, akafunga chungu miezi sita akitarajia kipendeze. Msiwasingizie wazee uvivu wenu.

Hoja ya pesa naikubali nusu. Pampu ni bei, na wengine mnaitaka tu ipendeze kwa video. Usinunue. Chemsha maji, yapoe, jaza paipu safi mpaka hewa iishe, ziba ncha na kidole kilichooshwa, ingiza upande mmoja kwenye chupa ya juu, shusha mwingine, achilia. Maji ya kwanza yamwage kwenye kikombe, alafu endelea. Hiyo ni bure na mdomo haujahusika.

Ile paipu ya msumarini nimeikata vipande vipande. Caretaker amepiga simu mara mbili kuuliza nani atamlipa, na jirani wa nambari nne ananilaumu eti sasa atatoaje petroli.