Wekundu Usiozeeka

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana mwenye kulaumu wenzake hapana budi ajianze mwenyewe. Kwa miaka mingi nilijivunia nyama ya supamaketi. Nilikuwa nikilipita bucha la mtaani nimeziba pua, nikimwona mwuza nyama akipunga nzi kwa usinga, nami huyoo, nashika njia ya kwenye kabati la kioo lenye baridi. Humo nyama ya kusaga ilikuwa imelala kwenye sinia, nyekundu kama ua la mkomamanga. Nikalipa zaidi na kujiona mstaarabu.

Marehemu mama yangu hakuipenda. Alikuwa akiigusa kwa ncha ya kidole na kuniuliza, "Mwanangu, nyama gani hii isiyozeeka?" Nilimcheka. Yeye alikuwa mtu wa kukata nyama mapande membamba, kuyapaka chumvi na kuyaanika juani mpaka yakawa meusi kama ngozi ya kiatu. Nilimwona mshamba.

Sasa najua ya kuwa swali lake lilikuwa la kitaalamu. Nyama iliyokatwa sasa hivi huwa ya zambarau. Ikipata hewa kwa muda mfupi hugeuka nyekundu, kisha siku zikipita huwa ya kahawia. Hiyo ndiyo saa yake, na kila mpishi anajua kuisoma. Sodiamu metabisulfiti, unga mweupe unaotiwa katika mvinyo na matunda makavu, huisimamisha saa hiyo. Nyama ya juzi hurudishiwa sura ya leo. Huo si uhifadhi. Ni kumpaka bibi kizee wanja na kumwoza kwa jina la mwari! Tena unga huo huua vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya sababu za sisi kula nyama.

Julai 2019 kituo kimoja cha televisheni cha Nairobi kilitangaza uchunguzi wake juu ya unga huu katika nyama za supamaketi. Nchi nzima ilishtuka. Mtaani kwetu watu walisusa kwa muda, wakaapa, halafu wakarudi mmoja mmoja. Nami nilirudi.

Kilichonitoa ni mjukuu wangu. Ana pumu. Sulfiti ikiingia mwilini yaweza kutoa gesi ya salfa, na kwa baadhi ya wenye pumu gesi hiyo huwabana kifua. Sisemi kwamba usiku ule alipohangaika kutafuta pumzi ilikuwa ni kwa sababu ya kababu nilizompikia mwenyewe. Siwezi kuthibitisha. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo: siwezi kuthibitisha kwa sababu karatasi ya bei iliandikwa uzito na shilingi, basi. Ulaya, chakula chenye sulfiti inayozidi miligramu 10 kwa kilo ni lazima kiandikwe hivyo. Mwenye pumu wa kule husoma akajihadhari. Wangu mimi asome nini?

Nimeambiwa, "Mzee, bila dawa watu watakufa kwa nyama mbovu." Kwa upande wa soseji, neno hili lina ukweli. Nitriti ya sodiamu huzuia bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao huua. Lakini nitriti hiyo hiyo ndiyo inayoifanya soseji ibaki na rangi ya waridi hata ikikaangwa, na tusidanganyane kuhusu ni kazi ipi inayomfurahisha mwuzaji. Oktoba 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama ya kusindikwa katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Walikadiria kuwa gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Haina maana soseji ni sawa na sigara kwa ukali. Kundi lile hupima uhakika wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Hata hivyo, soseji moja au mbili kila asubuhi kabla ya shule, miaka kumi na miwili mfululizo, si jambo la kupuuza.

Nilimweleza binti yangu haya yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, mimi natoka kazini saa mbili usiku. Bucha limefungwa. Nipikie wewe." Sikuwa na jibu. Wanaopiga kelele juu ya chakula safi, nami nikiwemo, mara nyingi ni watu waliokwisha kustaafu.

Basi nimechukua kazi hiyo. Nimenunua mashine ya mkono ya kusagia nyama, ile ya chuma ya kufunga mezani. Asubuhi mapema nakwenda kwa yule yule wa usinga, ambaye sasa ananijua. Namwambia anionyeshe paja lenyewe likiwa limetundikwa, lina mhuri wa mkaguzi, akate nikiona. Nzi? Wapo. Nilianza kuwaonea haya, siku hizi nawatazama kwa jicho jingine, kwa kuwa nyama ninaweza kuiosha na kuipika iive, lakini unga ule hauoshwi.

Ile ninayosaga asubuhi, isipopikwa, jioni imeshaanza kuwa ya kahawia pembeni. Juzi mjukuu aliitazama ndani ya bakuli akaniuliza, "Babu, imeharibika?" Nikamwambia hapana, imezeeka kidogo tu, washa jiko.